Siku ya Kwanza Bila Kidonge

Kizwite, Sumbawanga
2 Februari 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima, tunakohoa tu.

Daktari anasema baridi yabisi yako imetulia, na vidonge vya predinisoloni ulivyomeza mwaka mzima vinatosha. Sasa tunapunguza. Umekuwa ukimeza vidonge vinne kila asubuhi. Ukipata barua hii, kuanzia kesho yake meza vitatu. Baada ya wiki mbili, viwili. Usiruke hata siku moja, Mama. Mwili umezoea kuletewa na vidonge kile unachokihitaji, umesahau kujitengenezea. Polepole ndio mwendo.

Mwanao, Otilia

Matai
9 Machi 1997

Mwanangu Otilia,

Marahaba. Sijambo sana. Uso uliovimbishwa na dawa umeanza kupungua, majirani hawaniiti tena Mama Boga.

Alhamisi tulilima matuta kwa jirani yangu Stefania. Nilifukia majani ndani ya matuta kama msichana, wakaniuliza siri. Basi nikawagawia vidonge, Stefania na Coleta na wengine wenye migongo. Ningewanyimaje, na pombe tunakunywa chungu kimoja? Vikaisha. Nikaona ni sawa tu, si ulisema vipunguzwe?

Ila tangu jana natapika, na nikisimama dunia inazunguka. Nadhani ni malaria. Naogopa kidogo.

Mama yako, Justina

Kizwite
11 Machi 1997

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa salamu fupi. Barua hii anakuletea Adriano, utingo wa lori, pamoja na vidonge vipya.

Hiyo si malaria. Ni kule kuacha ghafla. Watu hufa hivyo, daktari ameniambia bila kunificha. Meza viwili sasa hivi, Adriano akikuona, halafu akupeleke hospitali leo hii, usiseme kesho. Ukivitapika, waambie wakuchome sindano. Waonyeshe karatasi ya daktari iliyomo humu. Na wenzako waache kumeza, dawa hiyo si ya uchovu wa jembe.

Mwanao, Otilia

Kizwite
15 Machi 1997

Mama,

Shikamoo. Adriano hajarudi, na mvua imekata barabara. Kila jioni nasikiliza matangazo ya vifo redioni. Juzi walitaja jina Justina, nikakaa chini sakafuni mpaka waliposema ni wa Mpanda na kusoma majina ya watoto wake. Nitumie neno, hata moja. Naogopa sana, Mama.

Otilia

Matai
22 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Adriano alinikuta nimeanguka jikoni, wala sikumtambua. Alinibeba hadi hospitali, wakanitundikia chupa mbili za maji. Muuguzi alisema ningechelewa mpaka jioni, mngekuwa mnalia sasa. Stefania alikuja kuniomba radhi, nikamwambia kosa ni langu. Siku hizi nameza viwili vyangu nikiwa nimejifungia mlango.

Mama yako

Matai
8 Juni 1997

Mwanangu Otilia,

Hamjambo hapo Kizwite? Mimi naendelea vizuri, na ulezi tumevuna.

Daktari alinishusha hadi kimoja, kisha nusu. Vidole vinauma asubuhi lakini vinashika jembe. Jumamosi hii namaliza nusu ya mwisho. Jumapili simezi kitu.

Watu wananipongeza, nami nacheka nao. Wewe tu ndiye nakwambia: naogopa kuliko siku ile jikoni, kwa sababu siku ile sikujua kinachonipata. Sasa najua. Daktari amesema mwili umeshakumbuka kazi yake, lakini yeye atakuwa amelala kwake.

Njoo Jumamosi, tulale kitanda kimoja. Asubuhi, nisipoamka mwenyewe, uniamshe wewe.

Mama yako, Justina