Jeshi Katika Damu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi mashamba haya ya Mitunguu yangekauka. Maji ya mfereji yananijua: nikitia mguu, yanafuata. Leo nimenyweshea ndizi pekupeku kama kawaida. Gambuti, buti la mpira, ya kunitosha haijatengenezwa, Meru yote. Mguu wangu ni wa dume.
Nyayo zinawasha. Tumbo linakata tangu Krismasi. Wanja, mke wangu, amesema kesho ni hospitali. Na watu wa kwao Kibugu wakisema, wamesema.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali ya Makutano. Nimetolewa damu. Mshipa wangu ni paipu ya maji, sindano karibu ivunjike. Karatasi imerudi na neno moja limewekwa alama: eosinofili. Ziko juu. Mtu wa maabara anasema ni chembe nyeupe, askari wa damu. Wangu wamezidi. Nirudi Ijumaa na choo, daktari aangalie.
Stejini, nikingoja matatu, nikawatangazia watu: "Nyinyi damu yenu ina askari wa zamu. Yangu ina jeshi!" Wakacheka. Makanga mmoja akauliza, "Sasa anko, hilo jeshi linapigana na nani?"

Jumatano, 5 Machi
Linapigana na nani?
Marehemu ndugu yangu Mutwiri, chembe nyeupe zake pia zilipanda. Ilikuwa kansa ya damu. Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa ndevu, mwishoni.
Naogopa. Ni hivyo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwonyesha Wanja mawe ya mpaka. Migomba ya kuuza kwanza. Namna ya kufungua maji zamu yetu ikifika. Akanitazama.
"Baba Kendi, unaniaga?"
Nikamwambia mtu mkubwa hupanga mambo. Amelia jikoni. Nimemsikia. Sikuingia.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari ni msichana, rika la binti yetu Kendi. Nikamuuliza kama ni ile ya Mutwiri. Hakunificha. Askari hao hupandishwa na mengi: pumu, aleji, dawa nyingine, minyoo. Ugonjwa wa damu pia, lakini ni nadra, na chembe zangu zingine ziko sawa. Karatasi haitaji ugonjwa, inasema tafuta.
Akatafuta. Kwenye choo kuna mayai ya minyoo. Ile ya kuishi kwenye udongo wenye unyevu. Inatoboa nyayo, inasafiri mwilini hadi tumboni.
"Mzee, shambani unavaa nini miguuni?"
Nikaanza ile ya mguu wa dume. Akainama, akaangalia viatu vyangu. Nikaivuta miguu chini ya kiti.
Nimepewa dawa. Damu itapimwa tena, na askari wasiposhuka atatafuta zaidi. Kwa hiyo sijapona woga.
Mbuzi zangu nazinywesha dawa ya minyoo kila msimu, kwa mkono huu. Mimi mwenyewe, sikumbuki lini.

Jumatano, 2 Aprili
Wameshuka. Daktari amesema wanakaribia kawaida. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, kofia usoni. Nikamkumbuka Mutwiri. Yeye hakuambiwa hivyo.
Stejini sikusema kitu.

Alhamisi, 3 Aprili
Zamu yetu ya maji. Ukungu kidogo, ndizi zimetulia. Wanja aliacha gambuti zake mlangoni, akaingia ndani.
Nimezivaa.
Zimenitosha. Mbele kwa vidole hata zimebaki na nafasi.