Majina Yaliyoitwa Darasani

Alhamisi, usiku

Mhadhiri kafurahi, mimi sina raha. Leo kwenye semina ya dini za jadi niliwawekea wenzangu sauti niliyomrekodi Bibi kule Hombolo, akiwaita marehemu wa ukoo wetu ili mvua inyeshe. Mhadhiri akasema, "Hebu rudia hapo kwenye majina." Nikarudia.

Jioni nikampigia Bibi kumshukuru. Nikamweleza jinsi sauti yake ilivyosikilizwa darasani, majina yakarudiwa.

"Kumbe uliwaita, mjukuu wangu. Ukawapa nini?"

Kwa Bibi, kila jina likitajwa, maji yenye unga wa mtama humwagwa chini. Nililiandika hilo mwenyewe kwenye ripoti. Lakini darasani, kwenye vigae vile, nani angemwaga?

Mimi ni Mkristo, naimba kwaya. Haya ni mambo ya kusomea tu, ndivyo ninavyojiambia tangu jioni. Neema, mwenzangu wa chumba, ameniuliza kikombe cha maji pale mlangoni ni cha nini. Nikasema cha kusukutulia.

Jina la mwisho kwenye ile sauti ni la Baba, tuliyemzika mwaka jana. Nimemwita mara mbili mbele za watu. Kama alikuja, hakuna aliyempa hata maji.