Musumari ya Bokilo

Jumatatu, 2 Septemba 1957

Bokilo, mukwe wangu, hakukuja. Tena! Alhamisi alisema Ijumaa, Ijumaa alisema Jumamosi. Leo nimemungojea mpaka jua ikapanda. Sharete ya mizigo tupu, Duchesse amefungwa mbele ya nyumba, watoto wa mutaa wa Tshopo wanapita wanapiga makelele: punda! punda! Nimechoka kuwaambia ni farasi.

Kiatu ya muguu wa mbele, wa kushoto, inacheza. Klak. Klak. Njia nzima ya bandari watu wanageuka. Kwa duka ya Mugriki, wapagazi walicheka: Amuri, bibi yako amevaa viatu ya kuazima? Nilicheka nao. Halafu nilitupa mifuko ya mchele ndani ya sharete kama mawe.

Jioni neno ya bokilo ikafika. Nisimuwazie vibaya, shangazi yake wa Basoko amekufa, alikuwa kwa matanga. Bon. Mungu amurehemu. Lakini ni yule yule shangazi aliyekufa mwezi wa tano! Mara ya kwanza nilimulilia. Mara ya pili machozi imekwisha.

Na nitasema nini? Papa Assumani ni baba ya Safi, bibi yangu. Siku ya ndoa alisimama mbele ya watu wote. Akasema: Muzungu wa kahawa amerudi kwao, amemwachia bokilo wangu farasi. Mimi nimetumika maisha yangu yote kwa Wazungu wa farasi, kwa nyundo na misumari. Mali sina. Zawadi yangu kwa mutoto wangu ni hii: viatu ya ile farasi itatoka mukononi mwangu mpaka nife, na mukono mwingine hautamugusa. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia, kusema ya kweli.

Zawadi ya bokilo hairudishwi. Tangu siku ile hajaniita kwa jina langu, hata mara moja, na mimi sijatamka lake mbele yake. Bokilo kwa bokilo. Ndiyo heshima. Nani atamwangalia baba ya bibi yake machoni amwambie: Papa, kazi yako imeharibika? Mimi hapana. Kesho tena klak klak.

Jumatano, 4 Septemba

Amekuja! Kanzu safi, kofia, sanduku ya vyombo begani — kama mutu ambaye hajachelewa hata siku moja katika maisha. Safi akamupa chai na ndizi makemba ya kukaanga. Alikula polepole. Mimi nilishika Duchesse.

Mwanzo ilienda vizuri. Alitoa kiatu ya zamani, akakata kwato, akapiga tupa. Mikono yake inajua njia. Alikuwa anaimba ndani ya pua. Halafu musumari wa tatu — nyundo ikatua, Duchesse akaruka! Alivuta muguu kwa nguvu, karibu amwangushe mzee. Bokilo akamupiga kofi ya tumbo. Ile munyama haina adabu, alisema, unamuzoesha sukari. Akashika muguu tena, akamaliza yote.

Alipokwenda kunawa nikainama. Pembeni ya musumari ule, tone ya damu. Ndogo tu.

Nikaipangusa na kidole gumba. Safi alikuwa anakuja na kitambaa cha mikono ya baba yake, amefurahi. Nikasema: kazi nzuri, bokilo, aksanti.

Kazi nzuri! Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba

Duchesse anachechemea. Nilisema ni jiwe. Nilimwambia Safi ni jiwe, nilimwambia Mugriki ni jiwe, nikaanza kutafuta jiwe mimi mwenyewe kama mujinga.

Kwenye kupanda kutoka bandari akasimama. Hataki. Nyuma yangu kamyo inapiga honi, Muzungu ndani yake anatukana, watu wanatazama. Nikamupiga fimbo. Mara mbili, tatu, sijui. Hajawahi kupigwa na mimi. Aligeuza kichwa akaniangalia, halafu akavuta. Akavuta na muguu ule ule mpaka juu.

Nimemupa majani mazuri jioni. Amekula mukononi mwangu bila kinyongo. Afadhali angeniuma.

Jumanne, 10 Septemba

Kwato iko moto. Jumamosi nilituma neno kwa bokilo aje atoe kiatu. Jibu: farasi anazoea kiatu mupya vile mutu anazoea. Nikatuma tena. Jibu: matanga. Sikuuliza ya nani.

Leo nikaenda kwake mwenyewe. Si kumulaumu! Kumuomba tu. Alikuwa barazani peke yake. Nikasimama mbele yake, karibu kabisa. Akainua uso, akatabasamu: karibu, Juma, karibu ukae.

Juma ni ndugu yake mudogo. Mufupi, kipara, tumbo mbele. Mimi ni murefu kama mulingoti.

Nikatoa salamu. Aliposikia sauti akacheka sana, eti alikuwa ananitania. Akanimiminia chai. Nilimwona. Alitia kidole ndani ya kikombe, akamimina mpaka chai ikamugusa, ndipo akaacha. Chai ya moto! Hata hakushtuka.

Basi nikaelewa. Kuchelewa, matanga, shangazi wa Basoko, yote. Na mimi nilimwita mvivu moyoni, na murongo, na mengine sitayaandika. Mzee alikuwa anaogopa kuja.

Akauliza: farasi iko namna gani? Nikasema: iko muzuri, bokilo. Tukaongea juu ya mayi ya muto kupanda. Nikaaga.

Nyumbani nikamwambia Safi. Anajua! Tangu Ramadhani anajua. Nikapandisha sauti: na hukuniambia? Akajibu polepole: na wewe si uliniambia ni jiwe? Halafu akasema yeye ni mutoto, mutoto hawezi kumwambia baba yake kazi yako imekwisha. Mimi ni bokilo, mimi ndiyo sitaweza kabisa. Alors nani atasema? Duchesse?

Alhamisi, 12 Septemba

Duchesse hawezi tena kuweka muguu chini. Nikamwita docteur ya wanyama.

Alikuja, akang'oa kiatu na koleo, akachimba na kisu kidogo. Usaha ikaruka mpaka kwa suruali yake. Harufu! Akasema musumari ulipita ndani ya nyama. Kumuloweka muguu katika mayi ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, kazi hakuna. Kama ubaya ukipanda mpaka mufupa — akaweka kidole katikati ya macho ya Duchesse. Nilielewa.

Halafu akainua musumari ule. Nani alipiga hii?

Safi alikuwa amesimama mulangoni. Jina ya baba yake ilikuwa kwa ulimi wangu. Nilimwangalia. Nikasema: Célestin.

Célestin! Fundi wa Wazungu wa farasi sasa, mwanafunzi wa bokilo zamani. Hajagusa Duchesse hata siku moja. Lakini katika muji wote wa Stan wanaojua kazi hii ni wawili, na mumoja sikuweza kumutaja. Docteur akafunga musumari ndani ya leso, akapanda gari.

Safi akanishika mukono. Akasema: aksanti. Ile aksanti sipati kuitoa kwa masikio.

Jumatatu, 16 Septemba

Wazungu wa farasi wamemufukuza Célestin kazi. Amekuja kwangu leo, hakukubali kiti, hakukubali mayi. Sauti juu, majirani wote nje. Nionyeshe siku! Nionyeshe siku niliyogusa munyama wako! Nilitazama chini. Nikasema nitakwenda kwa docteur nisahihishe. Akauliza: utasema jina gani?

Nikaokota majani chini, moja moja.

Aliangalia muguu wa Duchesse. Halafu, sauti chini: ni mzee. Nikainua kichwa kidogo tu, kama kusema ndiyo.

Nilifikiri sasa atapoa. Apana! Akasema macho ya mzee imekwisha, yeye anajua, siku ya Idi mzee alimusalimia kama mwanamuke. Alificha, kwa sababu mzee ndiye alimupa nyundo mukononi. Lakini mimi, alisema, sikumupa farasi! Wewe ulimupa. Ukamupa na jina yangu juu.

Nimemwahidi. Kesho, nimesema. Kesho asubuhi.

Jumatano, 18 Septemba

Nilifika mpaka kwa mulango ya docteur. Boyi wake akaniuliza shida gani. Nikasema nimekuja kuuliza kama chumvi ya kawaida inafaa.

Inafaa, kumbe.

Nilirudi kwa njia ya nyuma nisipite kwa Célestin. Mutu muzima, nimejificha nyuma ya mihogo ya watu.

Ijumaa, 20 Septemba

Duchesse ameweka muguu chini! Polepole, kama mutu anajaribu mayi ya kuoga. Safi alipiga makofi. Mimi pia nilifurahi, halafu nikakumbuka.

Baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya msikiti, bokilo anaongea na wazee. Nikasikia jina ya Célestin. Yule mutoto nilimufundisha mimi, anasema, leo amenitia haya mbele ya Wazungu, amechoma farasi ya mutoto wangu. Wazee wanatikisa vichwa: vijana wa leo!

Nilitoa salamu, nikataka kupita. Akasikia sauti yangu, akaniita — bokilo! — akanishika bega. Nimeelewa, akasema. Kiatu yangu ilitoka, mimi niko kwa matanga, ukaogopa kunisumbua, ukamupelekea yule. Ulivunja neno yangu ya siku ya ndoa. Lakini nimekusamehe. Mbele ya hawa wazee nimekusamehe.

Amenisamehe. Mimi!

Na nikasema: aksanti, bokilo. Wazee wakanisifu kwamba nina heshima. Akamaliza kwa kusema siku muguu ukipona atakuja kuvalisha Duchesse mwenyewe, mchana, watu wote waone kazi ya kweli. Nikasema inshallah. Sijui nilikuwa namwomba Mungu nini.

Jumanne, 24 Septemba

Célestin anabeba mifuko bandarini. Amepita mbele yangu na mchele kwa kichwa. Hakunisalimia, hakunitukana. Mikono yake imejaa malengelenge, ile mikono.

Docteur alipita jana: muguu umepona, anaweza kuvaa kiatu wiki hii. Lakini uwe mwangalifu, akasema. Musumari mwingine katika nyama na hatarudi na dawa, atarudi na bunduki. Akaongeza: si Célestin tena, eh? Nikasema: apana, docteur, si Célestin.

Hapo mulango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja. Docteur alikuwa anafunga mufuko wake na mimi nilikuwa nasimama pale kama muti.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika haraka. Niko ndani.

Bokilo iko uani. Amekuja asubuhi bila kuitwa, na Juma anamushika mukono, eti wanatembea tu kama ndugu. Majirani wamejaa kwa uzio. Mama Simone ameleta na kigoda chake, kama ni mupira! Nilitaka kusema Duchesse hajapona. Lakini alikuwa anatembea uani, miguu yote mine, vizuri, watu wote wanamwona. Hata uwongo umeniishia.

Nyuma ya watu, Célestin. Amesimama na mikono kifuani. Sijui nani alimwambia.

Mzee ameshika muguu. Duchesse alimupa mwenyewe! Alimunusa mabega, akainua muguu, akauweka juu ya mapaja yake. Anamwamini. Miaka yote yule mzee ndiye mukono wake.

Kiatu amekipima kwa vidole, imekaa vizuri. Akatoa musumari kwa midomo. Akaweka ncha. Nilikuwa nimeshika kamba, karibu kabisa. Niliona. Ncha imelala ndani. Si kidogo — ndani kabisa, kwa nyama. Akainua nyundo.

Na akasita. Nyundo juu. Akasema polepole, watu wengine hawakusikia: bokilo, iko sawa?

Hajawahi kuuliza. Katika maisha yake yote hajauliza mutu.

Nikasema: ngoja, bokilo, nilete mayi kwanza, kwato ni kavu. Nikatupa kamba kwa Juma, nikakimbia. Mayi gani! Nani anataka mayi? Niko hapa kwa meza, naandika bule. Nikisema apana, watu wote watajua, mbele ya mutoto wake, mbele ya Juma, mbele ya Célestin. Zawadi yake ya ndoa itakufa hapo uani. Nikisema ndiyo — Duchesse. Na Célestin atabeba mchele mpaka mugongo uvunjike.

Kwa dirisha naona. Hajashusha muguu. Hajashusha nyundo. Anageuza sikio kwa mulango.

Ananiita. Si bokilo. Ameita jina yangu! Mbele ya watu — Amuri. Amuri, mwanangu, iko sawa ao haiko sawa?

Safi ameingia. Amelia, uso wake umelowa. Ameweka beseni ya mayi hapa, kando ya miguu yangu, imejaa mpaka juu. Sababu yangu ya kukaa ndani imekwisha. Ameshika mulango wazi na anangoja nipite.