Ushahidi Uko Wapi, Mpelelezi?

Jumatatu, 3 Machi
Miaka miwili tangu nistaafu upelelezi, na riwaya yangu imekwisha! Mpelelezi wangu mkavu, mpweke, hacheki. Koti refu, sigara, mvua kila ukurasa. (Mimi je? Kitambi, kandambili, na moshi hunikohoza.) Muuaji ni fundi cherehani mrembo aliyemtilia mumewe sumu. Ndivyo zilivyo riwaya za namna hii: akitokea mwanamke mzuri, jua ndiye.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu ananichapia kwenye kompyuta. Kafika mwisho, kaguna. Eti, Baba, ushahidi uko wapi? Nikamwambia asome vizuri. Kasoma tena. Anasema mpelelezi kamkamata mjane kwa mambo mawili: ni mzuri, na msibani hakulia.
"Huo ni upelelezi au umbea?"
Nimenuna mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepekua kurasa zote mia mbili na kumi. Ushahidi — hakuna. Hata kikombe chenye harufu! Nikasema nitachomeka chupa ya sumu chini ya kitanda. Mkono ukagoma. Maana kesi hii sikuibuni. Ni yangu. Yule mama yupo. Alikaa jela miaka minne kabla rufaa haijamtoa. Na maelezo ya polisi niliyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri kweli. Nilisifiwa!

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanza upya. Sasa mwanamke hana kosa. Mkosaji ndiye mwenye koti. Mvua nimeifuta — kulikuwa kiangazi. Binti nimemweleza yote, kasoma. Halafu kauliza: na yule mama aliyefungwa, umemwambia?
Kumbe kutubu kwenye karatasi ni rahisi. Karatasi haikukodolei macho.

Jumamosi, 8 Machi
Kibanda cha kushonea cha yule mama kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Shujaa nimeingia na suruali, eti ipunguzwe kiuno. Kiuno hiki! Woga mtupu. Kavaa miwani, kanitazama usoni. Pale pale "shikamoo" ikaniponyoka — kwa mtu niliyemzidi miaka kumi. Hakuitikia. Kanionyesha benchi kwa mkasi.
"Nina wateja wawili. Nikimaliza, utasema kilichokuleta. Suruali weka chini."
Basi ndiyo naandika, kidaftari gotini. Wa kwanza kaondoka. Wa pili anajaribu gauni, anajigeuzageuza kwenye kioo. Geuka tena, dada. Linavuta mgongoni. Mwambie afumue lote, zamu yangu ichelewe —