Nyangumi Hajaibuka

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka wa jirani amezaa jikoni kwetu bila hata kupiga hodi.

Jana nilikwenda maktaba kuongeza muda wa ile filamu ya nyangumi aliyoazima Baba. Ni mara ya tatu sasa. Mkutubi akaniuliza, "Mzee hajambo? Bado hajaimaliza tu?" Nikamjibu, "Bado. Anaitazama polepole."

Leo ni wiki ya sita tangu tumzike. Ulinyimwa ruhusa kazini, sikulaumu. Ila deki yetu hukumbuka pale alipoizima filamu: nyangumi amepiga mbizi, hajaibuka. Nikiitoa diski, itasahau.

Zimebaki dakika arobaini. Ukija, tutazitazama pamoja. Usipokuja, muda huu ukiisha nitauongeza tena.

Ni mimi, dada yako.