Chombo cha Kuazima

Mpendwa mdogo wangu Gulandom,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji Farrukh, iwakute wazima na kazi zenu zinakwenda. Sisi huku tu hai, tunamshukuru Mola. Mgongo wa mume wangu Nusrat bado unamsumbua kwa kuinamia viatu vya watu kutwa nzima. Mama mkwe Savri jicho moja limeanza kufifia, ila ulimi wake ni mzima, tena umezidi makali. Kaburi la mama tumelifagia baada ya theluji, na la Anisa wako pia. Nimepanda maua ya njano pembeni yake, yameshika.

Kabla sijaendelea nina ombi. Huyo dada aliyekuletea barua hii anaitwa Saodat. Usimwache mlangoni na baridi ya huko Urusi. Mkaribishe yeye na aliyefuatana naye, uwape chai ya maziwa, uweke na mkate karibu, kisha isome barua hii mpaka mwisho ndipo umuulize neno. Amekubali kungoja. Ningekupigia simu, lakini kila nikilitaja jina la mtoto wetu Davron unasema mtandao mbaya, unakata. Leo sina habari yoyote isiyokuwa na jina hilo ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Mwanzo wake uliusikia kwa watu, mimi sijawahi kukusimulia. Nilikwenda mjini kupeleka mikate ya sadaka ya marehemu mama katika ile nyumba ya watoto wachanga walioachwa. Mama wa zamu akanifungulia chumba niwaone. Vitanda vimejaa, na chumba kizima kimya. Nikadhani wamelala. Kumbe wote macho, wanatazama dari. Nikamuuliza mbona hawalii. Akanijibu huku anakunja nepi kwamba mtoto hulia akijua kuna wa kumjia, na hawa wameshakata tamaa. Nilirudi nyumbani nikakanda unga, nikaoka, nikafagia ua, na kile kimya kikawa hakitoki masikioni.

Unajua jinsi mimi na Nusrat tulivyoomba mtoto tangu tuoane. Nilimwambia kwamba nadhani Mungu ametujibu, ila si kwa njia tuliyomwelekeza. Hakuinua hata kichwa. Alikata uzi kwa meno, akasema kama aliyeita ni Mungu basi gharama ni zake Mwenyewe, sisi kazi yetu ni kufungua mlango. Tulipokwenda kumchukua Davron, pale ofisini walituwekea wazi kwamba ni malezi tu: mama wa mtoto yu hai, yuko Urusi, na siku akirudi ana haki ya mwanawe. Tukakubali. Mama mkwe ndiye aliyekataa katakata. Alipiga mapaja yake akasema, “Wewe bibi harusi una wazimu! Mtoto wa namna hiyo ni sufuria ya kuazima. Utaisugua mpaka ing'are, halafu mwenyewe atabisha hodi: nipeni sufuria yangu. Utabaki na masizi mikononi!” Miaka yote hii ananiita bibi harusi, na mvi zangu hizi.

Mwaka ule, kama unavyokumbuka, baridi ilirudi wakati miti ya aprikoti imechanua, maua yote yakaanguka chini. Majirani wakanong'ona kwamba tumeleta kinywa kipya mwaka wa njaa. Lakini riziki ya mtoto ilikuwa njiani. Mke wa mfua chuma alileta susu la mbao lililolelea wanawe wote, hakuna aliyemwomba. Mtu tusiyemjua akamletea Nusrat viatu vya wanafunzi wa shule nzima avishone. Nikawa natembea kifua mbele, namwambia mama mkwe, unaona? Mungu hamleti mgeni akasahau chakula chake.

Tatizo likawa maziwa. Ya kopo aliyatapika, ya ng'ombe akatapika, ya mbuzi ndiyo usiseme. Alikuwa amebaki macho tu. Tena alikuwa halii, Gulandom, anatazama dari yetu kama alivyokuwa akitazama ile ya kule. Nikatandika mswala, nikamwambia Mola waziwazi: Wewe ndiye uliyemleta, mlete na wa kumnyonyesha.

Hayo mengine unayajua kuliko mimi. Zikaja habari kwamba mwanao Anisa amefariki, hata siku arobaini tangu azaliwe hazijatimia. Farrukh alikuwa huko huko Urusi, nawe ukaja kwetu uombolezee chini ya dari ya dadako, umejifunga kitambaa kifuani, maziwa yanachuruzika, yanakuunguza. Nami sikukuomba kitu. Mungu ni shahidi, nilikuwa namficha Davron chumba cha nyuma usimwone. Siku moja akatoa sauti, ile ndogo ya paka. Uliinuka, ukaingia, ukamtoa kwenye susu, ukafungua kitambaa. Ukawa unalia, yeye ananyonya, machozi yako yanamdondokea kichwani. Siku zilizofuata alianza kulia kama watoto wa watu. Nusrat aliposikia kile kilio alitoka nje akaegemea ukuta.

Mulla wa mtaa alikuja akatuambia kwamba sasa mambo yamekaa sawa kisheria. Gulandom amekuwa mama yake wa kunyonya, kwa hiyo mimi nimekuwa mama yake mkubwa, na hata akiota ndevu sitalazimika kujifunika mbele yake. Nilifurahi, halafu nikaona uso wako, nikarudi jikoni. Alipoanza kutembea, hatua zake za kwanza zilikuja kwako, wala si kwangu. Kesho yake ukaondoka kumfuata mumeo bila kuaga, bila hata kuung'ata mkate wa safari tuutundike ukutani ukungoje mpaka urudi uumalize. Sikukulaumu. Nilijua kila alipopiga hatua ulikuwa unamwona yule ambaye hatapiga.

Miaka imepita, amekuwa kijana mdogo mwenye maneno mengi. Anamwita mama mkwe “bibi harusi” kwa sababu ndilo neno analolisikia humu, na bibi mwenyewe anaitika! Ananiita mama. Nilimfundisha kwamba ana mama wengine wawili, mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemnyonyesha, naye akasema mwenye mama watatu anapaswa kupewa zabibu mara tatu.

Majira ya baridi haya Saodat akabisha hodi. Ndiyo, huyo huyo aliyekaa mbele yako. Ndiye aliyemzaa. Mumewe alimpa talaka kwa simu akiwa na mimba, ndugu zake wakamfungia mlango, akamweka mtoto pale kwa ahadi ya kurudi, akaenda Urusi kufagia ngazi za majumba ya watu. Na kweli amerudi, ana chumba, ana karatasi zake zote. Nilimtafuta ubaya, mdogo wangu. Nilimchungulia anavyokula, anavyoongea, anavyomtazama. Ningepata hata chembe ningeipeleka ofisini mbio. Sikupata. Alikaa karibu na mlango kama mkopaji, mkononi ana kigari cha kuchezea, hathubutu kumgusa mwanawe mpaka nimpe ruhusa.

Kwa majuma kadhaa alikuja kila siku, na kila siku Davron alijificha nyuma ya sketi yangu kidogo kuliko jana. Nikawa naswali nikiomba karatasi zake zikataliwe. Riziki nilikuwa nimemwamini Mungu kwayo, yote, ila nilidhani riziki ni kile kinachoingia nyumbani. Nusrat akaniambia kwa upole kwamba amana ni ya mwenyewe, na kwamba hatukuitwa kumpata mtoto, tuliitwa kumfikisha. Nilimrushia kitambaa cha sahani. Usiku huo alilia yeye.

Siku ya kuondoka nilidhani mama mkwe ataniambia, si nilikwambia? Nilimkuta amekaa chini na jicho lake moja zima, anashindilia mfuko wa mtoto: zabibu, kokwa za aprikoti, soksi alizofuma mwenyewe, mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Akanifokea, “Unatazama nini? Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Au mama yako hakukufundisha? Tia chako!” Kisha akajifunika uso na mtandio wake.

Davron aliung'ata mkate wa safari huku anacheka, akidhani ni mchezo. Umetundikwa ukutani, alama za meno yake zinaonekana. Nami nilisimama na mikono mitupu, sijui cha kumtilia. Ndipo nikaketi kukuandikia, wao wakingoja gari.

Gulandom, nina neno ambalo halijapata kunitoka. Siku ile ulipomtoa kwenye susu, mwanao bado udongo wake ni mbichi, mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na nilisema alhamdulillahi. Nilimshukuru Mungu kwa maziwa ambayo mwenyewe, Anisa, alikuwa kaburini. Sikuomba yatoke kwako, nakuapia. Lakini yalipokuja nilishukuru, na tangu siku hiyo sijui kama ni imani au ni ukatili. Sasa mikono yangu ni mitupu kama yako ilivyokuwa, na angalau najua nilichokishukuru kilikuwa na uzito gani. Nisamehe.

Saodat kamzaa, haki yake imeandikwa. Mimi nilimlea, na karatasi yangu imefutwa kwa mhuri. Lakini maziwa hayafutwi. Wewe ni mama yake mpaka Kiyama, na kwa ajili yako tu mimi bado ni mtu kwake. Saodat aliposema anaishi mji ule ule mnaoishi nyinyi, nikamsimulia yote. Akasema hana ndugu hata mmoja anayempokea, na kwamba atakuja kwako kwanza kabla ya kwenda kwake. Sina cha kutia kwenye chombo hiki ila wewe.

Nusrat anakusalimu sana. Mama mkwe anasema umekonda kwenye picha, ule. Jirani zetu wote wanakuulizia. Mungu akulinde, akupe kilicho chema kwa mkono anaoujua Yeye.

Sasa inua macho. Huyo mdogo ndiye Davron. Kama chai yake imepoa hajaigusa, usidhani ana kiburi. Hanywi mpaka avunjiwe mkate ndani yake, vipande vidogo, na kila asubuhi nilikuwa nikimvunjia mimi. Mvunjie.

Ni mimi dada yako,
Oydin, mama mkubwa wa Davron