Mita Hamsini za Kariakoo

Shangazi, shikamoo. Jua la hapa Kariakoo halina adabu. Nimenunua droni, ile ndege ndogo ya kamera, kwa jasho langu. Kibali ninacho. Muuzaji kasema niijaribu leo. Kesho haipokei hata ikiwa mbovu.

Sheria inataka watu wakae mita hamsini kutoka ilipo. Nikawaomba waliokuwa karibu, "Jamani, sogeeni kidogo." Wakauliza, "Kuna nini?" Wakaitana! Muuza kahawa akaweka benchi mbele yangu: "Bosi, rusha basi, wateja wanangoja!" Kauza birika mbili, mimi sijapaa hata inchi.

Naja nayo hivyohivyo, nitairushia shambani kwako. Nakupenda sana shangazi yangu, ila tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao, Hamisi